Mbaazi za Kingori

Watiri aliwagawa watu kwa maharagwe. Wengine huko Tetu, miaka ile ya baada ya uhuru, waliwagawa kwa kanisa, au kwa nani alikuwa msituni na nani alikuwa upande wa Mzungu. Watiri hakuwa na haja na hayo. Alimpa mtu sahani, akamtazama anavyokula, akamaliza kesi. Mwenye kumeza bila kutafuna alikuwa mwongo. Mwenye kusukuma mahindi pembeni ili ayawahi maharagwe kwanza alikuwa na tamaa, ila tamaa ya aina hiyo inasameheka. Na mwenye kutia magadi chunguni ili yaive haraka, huyo Watiri akimwona njiani aligeuza uso akaitazama mibuni ya kahawa.

Alikuwa na haki ya kuringa. Hakuna mwanamke katika mteremko ule aliyeyajua maharagwe na ndugu zake kama yeye. Njahi, zile nyeusi zenye mstari mweupe mgongoni, alizipika mpaka zikalegea, akaziponda na ndizi mbivu, na mwanamke aliyetoka kujifungua akila sahani moja alikumbuka tena kwamba ana miguu. Thoroko, ambazo Waswahili huziita kunde, alizikaanga na kitunguu mpaka jicho lao jeusi likang'aa. Minji mabichi, yaani njegere, yakifika kutoka Mweiga aliyala huku akiyamenya, na nusu hayakuwahi kuuona moto. Rozikoko, yale maharagwe mekundu yenye madoa, zilikuwa za kila siku, nazo hazikudharauliwa. Ndengu, yaani choroko, alizipika mara chache, kwa kuwa zinaiva upesi mno, na Watiri hakuamini chakula kisichokuwa na subira.

Lakini zilizokuwa moyoni mwake ni njugu. Si karanga; Wakikuyu wakisema njugu husema kitu kingine, punje ndogo za mviringo zinazotoka nchi ya chini yenye joto, ambazo wanawake huzileta soko la Karatina kwa magunia. Watiri alizichambua kwenye ungo, akaziloweka, akamwaga maji ya kwanza ya kuchemshia kwa sababu yana uchungu, kisha akaziacha jikoni zijipikie taratibu. Zikiiva zilikuwa na utamu wa chinichini, usiopiga kelele. Alipenda kuzila peke yake mlangoni, sahani magotini, vidole vikifanya kazi ya kijiko.

Kisha mumewe Kingori akarudi kutoka Mombasa.

Huko alikuwa amekaa miaka mingi, na ukimsikiliza ungedhani ndiye aliyekuwa akizifungulia meli mlango. Ukweli ni kwamba alikuwa mlinzi wa bohari. Alikaa kwenye kiti langoni, akalala chumba kimoja na walinzi wenzake, na asubuhi akavuka barabara kwenda kula kwenye kibanda cha mama mmoja aliyempa chakula kikiwa tayari kwenye sahani. Hiyo ndiyo Mombasa aliyoijua. Lakini debe tupu haliachi kuvuma, na debe hili lilirudi Tetu likiwa limevaa kikoi. Mwezi wa saba, ukungu ukiwa umeshuka hadi kwenye paa za nyumba na kila mtu amejikunyata ndani ya koti, Kingori alipeleka maziwa kituoni amevaa kikoi, magoti yakigongana kwa baridi, akiwaambia watu kwamba ndivyo wanavyovaa waungwana.

Na Kiswahili! Hakuzungumza tena kitu kingine. Alimsahihisha mkewe, akamsahihisha mhubiri kanisani, akamwamrisha ng'ombe kwa Kiswahili sanifu mpaka mnyama wa watu, aliyezaliwa Tetu na hajaenda popote, akabaki amesimama akimtazama.

Siku ya kwanza ya kurudi kwake, Watiri alimpikia kile alichokiona kuwa kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo. Kingori aliigeuzageuza sahani kwa kijiko.

"Hiki ni kitu gani?"

"Ni njugu, baba Murugi. Nimeweka na ndizi kidogo."

"Njugu?" Kingori akacheka kwa pua. "Njugu ni karanga, mke wangu. Kuna njugu nyasa na njugu mawe, basi. Hivi vyenu vya bara havina hata jina. Vitu vya kulisha kuku! Nami nimetoka kula mbaazi."

"Mbaazi ni nini?"

Kingori alifumba macho kama mtu anayeombewa. "Mbaazi za nazi, Watiri. Asubuhi, na mahamri ya moto. Laini, ulimi hauna kazi. Lakini nikikueleza utaelewa wapi? Asiyejua maana haambiwi maana."

Kisha akala sahani nzima, akaikwangua, akaongezewa, akaikwangua tena.

Ikawa ndiyo desturi. Kila Watiri alipopika njugu, mumewe alizitukana na kuzimaliza. Alimwambia hazina ladha huku akilamba kidole. Alisema zinamvimbisha tumbo, akauliza kama zimebaki. Na kila mara, ikiwa sahani ni tupu na tumbo limejaa, alirudi kwenye hadithi ya zile mbaazi. Watiri hakuwahi kuziona. Kwake zilikuwa kama yule mwanamke wa pili ambaye kila mke husikia habari zake: mzuri, laini, hana kasoro, na yuko mbali.

Hili lilimuuma, tena lilimuuma sana, wala hakuna haja ya kulifunika. Alitaka neno moja. Neno lenyewe lilikuwa dogo: tamu. Mbwa wa jirani alikuwa akilisema kwa mkia kila alipotupiwa ukoko. Watiri alikuwa mwanamke mwenye dharau ya kuwatosha watu wote wa Tetu, na bado kila jioni, akiwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, alimtazama mumewe akimeza tonge la kwanza, akangoja. Tonge lilipita, neno halikuja.

Angalau angemtukania chumbani. Lakini Kingori aliupenda umati. Wazee wa kanisa walipokuja kula kwake, aliinuka akasema, "Mtanisamehe, jamani. Mimi nilipata jiko, lakini ni jiko la bara." Wazee wakacheka mpaka vikombe vikatikisika. Watiri aliwaongezea chai, akaona mzee mmoja aliyecheka kuliko wote akificha mfupa wa nyama mfukoni awapelekee watu wake nyumbani.

Mambo yakafika mahali pabaya binti yao Murugi alipochumbiwa.

Murugi alikuwa akifundisha watoto wa chekechea Ruring'u, na kijana aliyempata alikuwa Theuri, wa Mweiga, mtulivu, mfugaji wa ng'ombe. Watu wake walituma ujumbe kwamba watakuja kuanza mazungumzo ya mahari. Sasa, siku kama hiyo wanaume hukaa mbele wakazungukana kwa mafumbo, lakini hukumu yenyewe hutolewa na wanawake wa upande wa kijana, nayo huitoa wakiwa wanakula. Msichana hupika kama mama yake, ndivyo wanavyoamini. Wakirudi Mweiga wakiwa wamesikia kwa masikio yao, kutoka kwa baba mwenye nyumba, kwamba mama wa binti hajui kupika, basi Murugi angeolewa na sifa hiyo, na kila sufuria ambayo angeipakua maisha yake yote ingeonjwa kwa mashaka.

Murugi mwenyewe alilijua hilo. Alikuja jikoni, akasimama nyuma ya mama yake.

"Mum, tafadhali, mwambie Daddy asiseme ile maneno yake hiyo siku."

"Nimwambie na mdomo gani?" Watiri akajibu. "Huu wa bara?"

Jioni hiyo Kingori alitangaza karamu yake. Wageni wangechinjiwa mbuzi, na wangepikiwa wali. Hataki kuona githeri ya mahindi na maharagwe wala njahi nyumbani kwake, kwani wageni wake si kuku.

"Na kama kungekuwa na mtu hapa wa kupika mbaazi za nazi," akasema akivuta pumzi ndefu, "ningewaonyesha hao watu wa Mweiga maana ya kula. Lakini nani atapika? Hakuna."

"Nitapika mimi," Watiri akasema.

"Wewe?"

"Niko na mikono."

Kingori alicheka mpaka akakohoa, na alipomaliza kukohoa akafuta macho. "Haya. Pika. Lakini sikiliza, mama Murugi. Ukiniharibia mbaazi zangu mbele ya wakwe, sitakuficha. Nitainuka niwaambie: nilipata jiko, na halina moto."

Watiri alijua kwamba angefanya hivyo. Hakuwa mtu wa kuacha mzaha wake uharibike kwa ajili ya binti.

Basi akashuka mjini Nyeri. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kumuuliza mtu mbaazi ni nini, kwa sababu ya kiburi. Nani angekubali kuuliza habari za mke mwenza? Sasa ilimbidi. Alienda duka la Haridas, alikonunua sukari na mafuta ya taa tangu ujana. Haridas hakuwapo. Nyuma ya mizani alikuwepo mkewe, Kamla, mama Jyoti, mwanamke mnene mwenye sauti kubwa, ambaye Watiri alimheshimu kwa sababu moja tu: aliwahi kumwona akichambua choroko zake mwenyewe, punje kwa punje, ingawa alikuwa na mfanyakazi.

"Mama Jyoti, iko mbaazi?"

"Iko. Napima kiasi gani?"

"Ngoja kwanza. Nataka kuona. Mimi sijawahi kuona mbaazi."

Kamla alimtazama kama mtu anayetafuta dalili ya homa. "Wewe? Hujaona?"

Akazunguka meza, akafungua mdomo wa gunia lililokuwa limeegemezwa ukutani, akachota, akamimina kwenye kiganja cha Watiri.

Watiri akatazama. Akazisugua kwa kidole gumba. Akaitia moja mdomoni, akaiuma kwa meno ya pembeni, kama alivyofanya kila mara Karatina kabla ya kununua.

"Hii ndiyo mbaazi?"

"Ndiyo. Sisi naita tuver. Mswahili naita mbaazi. Na wewe naita njugu! Kila siku wewe nakuja hapa nasema, 'Mama Jyoti, mbona njugu yako iko na mawe mingi kushinda ya Karatina?' Leo umesahau?"

Watiri aliketi juu ya gunia la sukari bila kukaribishwa. Hakucheka. Kilichomjia kwanza ni hasira. Alizikumbuka sahani zote zile. Alimkumbuka Kingori amefumba macho akiusifia utamu wa Mombasa huku kitu chenyewe kikiwa bado kimemganda kwenye masharubu. Mwanaume aliyekula kitu kimoja maisha yake yote, pwani na bara, akakiabudu kwa jina moja na kukitemea mate kwa jina jingine! Angezikuta mbaazi zake hizo hazijapikwa, zimelala guniani kama hapa, angeuliza ni za njiwa wa nani. Hakuwa na ulimi yule. Alikuwa na masikio tu, nayo ndiyo aliyolia chakula.

Alimsimulia Kamla, kwa maneno machache na makali. Kamla alishika mizani ili asianguke kwa kicheko.

"Wote iko sawa," akasema alipopata pumzi. "Bwana yangu kila siku nasema, dal hii si kama dal ya mama. Dal ya mama, dal ya mama! Mama yake hakupika hata siku moja. Alikuwa na mpishi."

Hapo ndipo Watiri alipocheka, na walipoanza hawakuweza kuacha, mpaka mteja mmoja aliyekuwa akingoja kiberiti akaondoka zake.

Kamla aliingia ndani, akatoka na nazi mbili katika zile wanazoweka kwa ajili ya maombi yao. Akamwelekeza: azivunje, azikune, azitwange kidogo kinuni, azikamue kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu. Tui la kwanza, zito, aliweke kando. La pili, jepesi, amwagie njugu zikiwa zimeshaiva, na kitunguu na pilipili, zichemke humo. Tui zito liingie mwisho kabisa, na moto uwe mdogo.

"Na mbaazi nakupimia?"

"Wacha tu," Watiri akasema akiinuka. "Yangu iko nyumbani."

Siku ya wageni alianza kazi kabla jogoo hajajipanga. Alipika wali kama alivyoambiwa. Alipika pia chungu cha njahi, alizokatazwa, kwani hakuna mwanamke mwenye akili zake anayeketisha wakwe wa kike bila njahi, hata mumewe awe ametoka London. Kisha akazipakua njugu zake kwenye sufuria kubwa, akatia tui.

Akaonja. Zilikuwa nzuri. Ule utamu wa chinichini aliokuwa akiufahamu ulikuwa umepata mwenzake, ukapanda juu, ukatulia. Yule mama wa kibandani huko Mombasa alijua kazi yake, na Watiri, ambaye hakuwa mwepesi wa kumsifu mpishi mwingine, alimsifu hapo hapo kimoyomoyo. Akampa Murugi mwiko.

Murugi akaonja, akaonja tena, akasahau kurudisha mwiko. "Mum, hii ni nini?"

"Ni njugu. Nyamaza."

Alikuwa amepanga kumwambia Kingori wakati wageni watakapokuwa wameondoka, wakiwa wawili tu. Hakutaka fujo mbele ya watu. Alitaka siku ipite salama kwa ajili ya binti.

Wageni walifika wakiwa wamejaa heshima. Mbele alikuwa Mutahi, baba yake Theuri, mzee mrefu mwenye kofia aliyoivua kila alipozungumza. Nyuma, akishikwa mkono na mjukuu wake Theuri, alikuja cucu Waithira, bibi yao, mdogo, amejifunga shuka mbili, mwenye meno ya kuhesabika. Wanawake wengine wa Mweiga walimwachia kiti kilicho karibu na chakula bila kuulizana, na Watiri akajua nani ndiye hakimu.

Kingori alikuwa amevaa kofia ya kufumwa ya kipwani, na aliwasalimu kwa Kiswahili kirefu hata Mutahi akavua kofia yake mara mbili. Mazungumzo yalipofikia mahali pa kupumzika, chakula kikaingia. Kingori mwenyewe alifunua sufuria. Harufu ya nazi ikajaa nyumba. Alijipakulia wa kwanza, jambo ambalo si la adabu, akatia kijiko mdomoni, akafumba macho.

Watiri alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Alijichukia kwa kusimama pale, lakini alisimama.

"Allah!" akasema Kingori, yeye Mpresbiteri. Akainuka na sahani yake. "Jamaa zangu, hizi ndizo mbaazi! Nimewaambia watu wa hapa miaka nenda miaka rudi, hawasikii. Tamu! Tamu kuliko asali! Na huyu mama mnayemwona hakujua hata jina lake. Nimemfundisha mimi mwenyewe, pole pole, mpaka akaelewa. Kuleni, mle chakula cha watu, muachane na vile vinjugu vyenu vya kuku!"

Wanaume wakaitikia kwa kula. Cucu Waithira alikuwa ameshamaliza njahi, na sasa alikuwa akichota kutoka sahani ya pili, taratibu, akizungusha tonge upande wa meno yaliyobaki.

"Hizi njugu ziko laini," akasema kwa sauti iliyosikika na wote. "Nani amezipika? Hata meno yangu haijalalamika."

Kingori alicheka kwa upole, kicheko cha mtu anayetoa elimu bure. "Bibi, samahani. Hizi si njugu. Njugu ni karanga. Hizi ni mbaazi. Hutoka pwani."

"Zinatoka wapi?"

"Pwani, bibi. Baharini."

Cucu aliokota punje moja, akaibinya, ganda likabanduka, akainua kiini kwenye mwanga. "Mimi nimezaliwa Ndia, kule chini kwenye joto," akasema. "Nimelinda njugu na ndege nikiwa msichana mdogo. Nimezipanda, nimezivuna, nimetolewa mahari nikizipika. Ati leo unaniambia hii ni samaki?"

Mtu mmoja alikohoa. Mutahi alitazama ndani ya kofia yake.

"Bibi, kwa heshima zote, mimi nimekaa Mombasa," Kingori akasema, sauti imepanda kidogo.

"Na mimi nimekaa jikoni. Mama Murugi!" Cucu akageuka mlangoni. "Wewe ndiye umepika. Hii ni nini?"

Murugi alikuwa ameshika birika, ameganda. Kingori alimtazama mkewe, na katika macho yake hakukuwa na hofu hata kidogo. Alikuwa na hakika kwamba atajibiwa vizuri. Hilo ndilo lililomaliza subira ya Watiri. Kama mtu yule angeomba, hata kwa ukope, pengine angemfichia. Na kumdanganya mwanamke mzee siku ya kwanza ya ukwe, juu ya chakula alichokwisha kukimeza, ilikuwa aibu ambayo Murugi angeibeba hadi Mweiga.

"Ni njugu, cucu," akasema. "Nimenunua Karatina. Nimeongeza nazi tu."

"Na hiyo mbaazi ya baba Murugi?"

"Ni hiyo hiyo. Mombasa wako na jina yao, sisi tuko na yetu. Amekuwa akila hapa tangu arudi. Nikipika, anamaliza."

Kwanza kilisikika kicheko cha wanawake wa Mweiga, kisha cha Mutahi aliyejificha nyuma ya leso bila kufanikiwa, kisha cha kila mtu. Kingori aliitazama sahani yake. Akakoroga. Akatoa punje moja, akaikagua mbele na nyuma, kama mtu aliyekutana na ndugu yake sokoni akakanwa. Akamgeukia Theuri amtetee, lakini Theuri alikuwa kijana mwenye busara, akawa anachunguza mbao za dari.

"Haiwezekani," Kingori akasema. Kisha, kwa sauti ndogo, "Labda mbegu ni moja, lakini upishi..."

"Upishi ni wa mke wako," cucu akasema, akanyoosha sahani. "Niongezee hizo njugu, mama. Huyu msichana wenu akitoka kwenye chungu hiki, sisi hatutakufa njaa."

Hapo ndipo mambo ya Murugi yalipokwisha kuamuliwa, ingawa wanaume waliendelea na mafumbo yao mpaka alasiri, wakidhani ndio wanaoamua.

Wageni walipoondoka, jua likiwa bado juu ya migomba, Watiri alikuwa jikoni akikusanya vyombo. Kingori aliingia. Hakuwa na mazoea ya kuingia humo, hata hakujua pa kusimama, akagonga kichwa kwenye ungo ulioning'inizwa. Kofia ya pwani alikuwa ameiacha mahali.

"Zilikuwa tamu," akasema. "Si leo tu. Hata zile za kila siku. Zilikuwa tamu tangu mwanzo."

Watiri aliacha kusugua. Akangoja ile furaha aliyoitamani miaka yote, aione inafananaje. Haikuja. Alimtazama mtu yule aliyesimama kando ya moto akisubiri kusamehewa, na alichokiona ni ulimi ambao haukujua kilichokuwa juu yake mpaka bibi wa watu alipouambia. Ulimi huo ndio aliokuwa akiupelekea sahani kila jioni, akasimama mlangoni kama mshitakiwa, akingoja uamue kama anajua kupika. Akaona haya. Dharau yote aliyowapa watu wa magadi na watu wa kumeza bila kutafuna, hakuna aliyestahili kuipata kuliko yeye mwenyewe, kwa ujinga wa kungoja.

"Najua," akasema.

Akazikwangua njahi zilizobaki chunguni, akazitia kwenye bakuli lake, akatoka akaketi mlangoni. Akala kwa vidole, bila haraka, wala hakugeuka kuona kama Kingori amepata cha kula.